Shangazi wa Kila Mgonjwa

Nilipokuwa nafungua dirisha la mapokezi asubuhi, pale hospitalini kwetu Baraka, yeye alikuwa tayari ameshateka maji, ameshawasha moto, na ameshagombana na mtu. Alipita mbele ya meza yangu na beseni lake kichwani, limefunikwa kwa kitenge kilichopauka. Ndani mlikuwa na mwiko, kipande cha sabuni, chumvi ndani ya kikaratasi na sahani mbili za bati. Mkeka aliubana kwapani. Hakusimama. Alinisalimu kwa kazi yangu, nami nilimjibu kwa kazi yake.

"Secrétaire, umeamuka?"

"Nimeamuka, Mama Garde."

"Basi leo andika muzuri. Ya jana ilikuwa sawa kuku alipita na matope."

Jina lake halisi nilikuwa nalijua, maana kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Sitaliandika hapa. Mjini hakuna aliyelitumia, na watakaosoma haya wakiwa Baraka wamekwisha kumjua.

Kwa wasiozijua hospitali za kwetu, nieleze kidogo. Hospitali inatoa kitanda, daktari, muuguzi, na dawa zinapokuwapo. Kumpikia mgonjwa, kumlisha, kumwogesha, kumgeuza ubavu, kufua shuka zake na kumwaga uchafu wake ni kazi ya familia. Mtu anayekuja na mgonjwa kwa kazi hiyo tunamwita garde-malade, na kwa kufupisha, garde. Anaweza kuwa mama, dada, mke, mara chache sana mume. Nyuma ya jengo kuna kibanda chenye paa la malata ambamo hao wote wanapikia, kila mmoja na mafiga yake matatu. Ukitaka kujua hali ya familia za Fizi, acha vitabu, kaa katika kibanda kile siku moja. Utaona chungu cha nani kina samaki wa mikebuka mizima, cha nani kina sombe, majani ya muhogo, tupu bila mafuta ya mawese, na nani ameweka maji motoni ili majirani wasigundue kwamba hana cha kupika.

Yeye alikuwa garde wa wasio na garde. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hakuna aliyempa.

Kwenye fiche, yaani karatasi ya mgonjwa, kulikuwa na mstari unaouliza jina la garde na uhusiano wake na mgonjwa. Kwa miaka mingi niliandika uongo kwenye mstari ule, kwa mkono wangu mwenyewe. Waliletwa wachimbaji dhahabu kutoka Lulimba, vijana walioangukiwa na udongo wa shimo. Mmoja wao, mwenzake alimshusha kwenye moto, yaani pikipiki, akamlaza kwenye baraza, na akarudi haraka asije akapoteza nafasi yake shimoni. Kijana akabaki peke yake anatazama dari. Ndipo Mama Garde alipokuja mezani kwangu.

"Huyu iko na muntu?"

"Hana."

"Andika: garde ni shangazi yake. Ni mimi."

Juma moja alikuwa shangazi wa wagonjwa watatu waliokuwa hawajuani, mmoja wa Lulimba, mmoja wa Fizi-Centre, mmoja hata lugha yake hatukuijua vizuri. Muuguzi wa zamu, mtu wa mizaha, alimsimamisha mlangoni.

"Mama Garde, kaka yako alizaa batoto wangapi?"

"Kaka yangu alikuwa anapenda kutembea," akamjibu, na kumpita.

Tulicheka. Lakini ukikaa ukafikiri, unaona alichokuwa anafanya. Mgonjwa mwenye mtu husemewa. Kuna wa kukimbia kumwita muuguzi dripu inapokwisha, na wa kusema jana hakulala. Maskini aliye peke yake anaweza kuzidiwa kimya kimya, wala si kwa ubaya wa mtu, bali kwa kuwa macho ya wauguzi ni machache na vitanda ni vingi. Mama Garde aliliona hilo bila kusomea popote.

Usinielewe kwamba alikuwa mtu laini. Kwa maskini alikuwa mkali hata sisi tukaona haya. Aliwakaripia wamalize bukari, yaani ugali, wakae, waache kulialia. Lakini alipoingia chumba cha watu wenye nacho, maana hao walimwajiri wanapokosa muda wa kukaa na wazee wao, sauti ilishuka, magoti yalikunjwa, ikawa ni "ndiyo, Mama" na "ndiyo, Papa" mpaka nikaona vibaya. Siku moja nilimuuliza kwa nini anainama vile.

"Mwenye mali akikasirika, ananifukuza," alisema. "Maskini akikasirika, anapata nguvu ya kuamuka. Sasa we unataka nikasirishe nani?"

Aliletwa siku moja bibi kutoka Bibokoboko, amebebwa na wanaume wanne kwenye kipoyi kushuka milima yote ile, mguu una kidonda kibaya. Wanaume walirudi juu siku hiyo hiyo kwa sababu ya ng'ombe. Siku zile watu wa milimani na sisi wa kandokando ya ziwa tulikuwa tunatazamana vibaya, na katika kibanda cha kupikia hakuna aliyesogeza chungu ili bibi yule apate nafasi motoni. Mama Garde alimpikia. Bibi akakataa, maana ilikuwa ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na yeye tangu kuzaliwa hajawahi kutia samaki mdomoni. Mama Garde akamgombeza kwa Kibembe, bibi akamjibu kwa Kinyamulenge, hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwishowe Mama Garde akatoka na kikombe, akazunguka mji mzima kutafuta maziwa.

Aliporudi, mwanamke mmoja kibandani akamrushia: "Mama Garde, leo umekuwa muntu wa ngombe?"

"Na we umekuwa jiwe. Sogeza chungu."

Nilipomuuliza niandike nini kwenye fiche ya bibi yule, hakusema shangazi. "Huyu ni mukubwa kwangu," alisema. "Andika mi ni mudogo wake."

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa chini ya mambo yote haya. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, na mtoto yule hakuwa wake tena.

Aliporudi Baraka kutoka ukimbizini, ng'ambo ya ziwa, alirudi na mtoto wa miaka mitatu na beseni. Mume hakurudi. Nyumba haikuwapo. Kulikuwa na familia moja ya wafanyabiashara, watu wa boti na duka, waliojaliwa wavulana tu. Mke wa nyumba ile akampenda mtoto. Kumpeleka mtoto alelewe katika nyumba yenye uwezo si jambo geni kwetu, nusu yetu tumelala kwenye nyumba za wajomba. Lakini mara nyingi mtoto anaendelea kujua kwao, anarudi likizo, anabeba jina lake. Huyu aliandikishwa shuleni kwa jina la walezi. Na kulikuwa na mapatano ya mdomo tu: mama mzazi atakuja kumtazama, lakini atakuja kama shangazi wa mbali.

Alikubali. Nilimuuliza, nilipozoeana naye kiasi cha kuuliza, alikubali vipi.

"We ulikuwa unakula nini mwaka ule?" alinijibu. Sikuweza kukumbuka. "Mi nakumbuka," alisema.

Binti alisoma. Alikua mrefu, mwenye sauti ya chini, akatumwa Bukavu, akarudi na diploma, akapata kazi kwenye bureau huko Fizi-Centre. Alipokuwa anapita Baraka, Mama Garde aliacha kila kitu akasimama mahali atakapopita. Binti alimsalimu kwa heshima: "Shangazi, habari ya siku mingi." Akamwachia sabuni au sukari. Mama Garde akashukuru kwa magoti, kama alivyoshukuru wenye nacho wote.

Mara moja tu aliniambia anachotaka. Tulikuwa tunachambua mchele wa mgonjwa. "Sitaki kumurudisha," alisema. "Abaki kwabo, beko bantu bazuri. Nataka tu ajue kwenye alitoka. Anatembea na damu ya bantu asiyebajua hata moja." Akapuliza makapi. "Lakini nikisema, nitamuvunjia nyumba. Basi."

Walezi wa binti walikuwa watu wema kweli, na mimi siwasemi vibaya. Walimpa mtoto kila walichowapa wana wao. Ila hawakujua walichochukua pamoja naye, maana mtoto hachukuliwi peke yake. Anakuja na marehemu wake na magonjwa yao, na jambo hilo nililijua kwa kuchelewa.

Kabla ya hapo niseme juu ya afya ya Mama Garde mwenyewe. Alikuwa na tension, yaani msukumo wa damu wa juu. Wauguzi walimpima mara moja wakashtuka. Tangu siku hiyo akakwepa mashine. "Nikipima, nitajua. Nikijua, nitaanza kutafuta kidonge kila siku, na bale bagonjwa banakula nini?" Alipopata vidonge alivivunja nusu, nusu ya leo, nusu ya siku kichwa kikiuma. Tulimweleza kwamba dawa hiyo haitumiki hivyo. Alisikiliza kwa adabu yote, kama anavyosikiliza mtu anayeelezwa njia ya kwenda mji ambao hataufikia.

Lakini kwa wengine aliona kila kitu. Asubuhi moja waliletwa watoto wawili wenye malaria, mmoja wa mwenye boti, mmoja wa wakulima wa juu ya mto Mutambala. Vitanda viliwekwa kandokando, dawa ilikuwa ileile. Wa mwenye boti alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Wa mkulima alizikwa. Muuguzi mgeni, kijana aliyetoka masomoni, alikaa kwenye ngazi amechanganyikiwa, anasema alifuata kila kitu sawasawa. Mama Garde akakaa kando yake.

"Hukukosea, mwanangu. Ule moja alilala na homa usiku moja tu. Huyu alilala nayo tano. Bazazi bake balikuwa banangojea kuvuna muhogo bapate feza ya kupanda moto." Kisha akampa nusu ya hindi lake la kuchoma, akamwambia ale, kazi bado iko.

Yule kijana alibaki nasi miaka mingi. Aliniambia hilo ndilo somo lililomweka.

Sasa siku yenyewe. Binti aliolewa na kijana wa familia kubwa ya Fizi, na familia ile ilikuja kuoa katika nyumba ya wafanyabiashara, kwa jina lile la walezi, bila kujua kwamba kuna mama mwingine. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa nane aliletwa Baraka, amevimba miguu, kichwa kinamuuma. Alikuja na mama mlezi upande mmoja na mama mkwe upande mwingine. Na kwa kuwa mama mlezi alitaka garde bora kuliko wote, alimwajiri Mama Garde. Ndivyo ilivyotokea kwamba alikuwamo chumbani, amesimama na beseni la maji ya moto mikononi, daktari alipoanza maswali.

Tension ilikuwa imepanda, lakini si sana. Daktari akauliza swali linaloulizwa kila mjamzito wa namna ile: je, katika familia kuna aliyepata kifafa cha mimba? Mama, dada, shangazi?

Mama mlezi akajibu kwa roho safi, maana aliulizwa juu ya familia yake. "Hapana, Docta. Kwetu ile haiko. Mama yangu alizaa kumi, mi nilizaa batano, hakuna hata aliyeumwa kichwa."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Daktari akaandika. Wakapatana mgonjwa akapumzike nyumbani, arudi Jumatatu. Wakaanza kukunja vitenge.

Mama Garde akaweka beseni chini na kutoka. Alikuja mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishika ukingo wa meza.

"Secrétaire. Wakati wa kumuzaa nilianguka kifafa. Nilibaki siku mbili sijijue. Na dada yangu alikufa nayo njiani, tulikuwa tunakimbia, tulimuzika pembeni ya barabara na mutoto wake ndani. Huyu mutoto amesema iko anaona nyota kwenye macho. Asirudie nyumbani."

"Mwambie daktari."

"Bakwe beko mule. Andika we. Andika tu kwamba kwenye ukoo iko. Usiandike nani."

Nikachukua nakala ya fiche yake iliyobaki mezani kwangu. Mimi niliyeandika mashangazi wa uongo miaka yote ile, siku hiyo niliogopa kwamba "ukoo" ni neno pana, daktari atalipita. Nikataka aone. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA MZAZI, KIFAFA CHA MIMBA. DADA WA MAMA, ALIFARIKI KWA UGONJWA HUOHUO. Nikakimbia nayo.

Daktari aliisoma akiwa amesimama mlangoni, na kwa mshangao akaisoma kwa sauti. Akamgeukia mama mlezi. "Mama, mbona hukuniambia ulipata kifafa?"

"Mimi?" alisema mama mlezi. "Mi sijawahi."

Mama mkwe alimtazama mama mlezi. Akamtazama binti. Kisha, polepole, akamtazama yule mwanamke aliyesimama nyuma yangu na mikono imelowa, na nafikiri hapo ndipo watu wote mle ndani walipoona kwa pamoja paji lilelile la uso, kidevu kilekile.

Hawakumrudisha nyumbani. Saa tisa mchana binti alianguka kifafa, lakini alianguka kitandani, dawa iko tayari, daktari yuko mlango wa pili. Wakampasua. Mtoto alitoka mdogo na hasira nyingi, mvulana. Mama yake akafungua macho kesho yake. Daktari aliniambia kwamba kama kifafa kingemkuta nyumbani, au juu ya moto njiani, tungekuwa tunasema mengine.

Wakwe hawakuvunja ndoa. Watu walikaa, wazee wakasema, mbuzi wakatolewa. Lakini mama mlezi alimfuata Mama Garde kibandani, mbele ya watu.

"Tulikulelea mutoto. Tulikufichia haya yako miaka yote. Leo unakuya kutuvua nguo mbele ya bakwe?"

Mama Garde alipiga magoti. Hakunitaja. Angeweza kusema ni Secrétaire aliyeandika vile, naye angekuwa amesema kweli. Alisema, "Munisamehe, Mama." Akakusanya mwiko na sahani zake.

Hakuruhusiwa kumwona binti, wala kumbeba mtoto. Binti mwenyewe alipona akapelekwa Fizi bila neno, na kwa muda mrefu hatukujua kama alikuwa na hasira, au aibu, au kitu kingine. Wenye nacho hawakumwajiri tena Mama Garde. Walisema anatoa siri. Akabaki na wale wasio na kitu, wa Lulimba na wa milimani, akila walichobakiza.

Mimi nilimwendea nyumbani kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Hakuniacha nimalize.

"Mutoto iko anapumua, Secrétaire. Ile ingine ni maneno ya bantu."

Lakini alikonda. Nilimwona akisimama kwenye kituo cha moto zinazopanda Fizi, hasafiri, anasimama tu, anatazama nani anashuka. Yule binti alikuwa ameshajua kwamba ana mama mwingine. Je, alitaka kumjua? Hilo ndilo hakuwa na njia ya kuliuliza, na swali hilo lilimla kuliko njaa.

Kiharusi kilimpata kibandani, mwiko mkononi. Upande wa kulia ulilala na ulimi ukalala nao. Alikaa nasi wodini, na hapo kilitokea kitu ambacho ningependa kila anayekata tamaa na watu akione. Wanawake wa kibandani, wageni wasiojuana, walimhudumia kwa zamu bila kuambiwa. Yule aliyeitwa jiwe ndiye aliyemwogesha. Kisha akarudishwa kwenye chumba chake, nyumba ya udongo karibu na Mutambala, na zamu zikaendelea huko.

Nilimkuta hapo alasiri moja, amekalishwa ukutani juu ya mkeka. Alinielewa kila neno. Akili ilikuwa nzima. Maneno ndiyo yaliyokuwa hayatoki, au yalitoka yamevunjika, "ma… ma… ta…", naye akakasirika, akapiga goti kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa namlisha uji wakati moto ilipopiga breki nje.

Binti aliingia akiinama mlangoni. Alikuwa na mimba ya pili, miezi mitano hivi. Alivua viatu. Hakusema shangazi, hakusema neno lolote la kumwita, alikaa tu chini mbele yake na kuushika ule mkono uliolala.

"Nilishaenda kupima," alisema. "Kila juma nitapima. Docta wa kule alisoma fiche, anajua yote." Akausogeza ule mkono mapajani pake. "Nilichelewa. Nilikuwa sijue nitasema nini."

Mama Garde alimtazama kwa jicho moja lililokuwa likifanya kazi, na jicho lile likajaa.

"Bameniambia itakuwa mwanamuke," binti aliendelea. "Nataka kumupa jina ya kwetu. Ya kwetu ya kweli. Ile dada yako, yenye alikufa na ile ugonjwa. Alikuwa anaitwa nani?"

Nitasema mapema, ili msomaji asingoje bure: jina halikupatikana. Mama Garde alifungua mdomo. Niliona shingo yake ikikaza, mishipa ikitokeza, anavuta lile neno kutoka chini kabisa. Likatoka "Ma… a… ta…" Akafunga macho, akajaribu tena, likatoka lilelile. Kuandika hakujua. Binti akanigeukia mimi.

"Secrétaire, wewe unajua. Uliandika mwenyewe."

Nilikuwa nimeandika "dada wa mama". Sikuuliza jina. Miaka yote ile tumekaa tunachambua mchele, alimtaja dada yake mara nyingi, dada yangu alipenda hiki, dada yangu alikuwa akicheka vile, na mimi ambaye kazi yangu ni majina sikuwahi kuuliza. Waliolijua walikuwa wamekufa au wametawanyika ng'ambo, tusijue wapi. Nilimwambia binti hivyo. Sikuweza kumtazama.

Hakulia. Alisogea karibu zaidi, akamshika mama yake mashavu yote mawili, lililo hai na lililolala.

"Basi tutafanya hivi," alisema. "Mi nitataja. Ikiwa siyo, utikise kichwa. Ikiwa ndiyo, unifinye mukono. Mariamu?"

Akatikisa kichwa.

"Marta?"

Akatikisa.

"Matilda. Makrina. Mapendo."

Nje, mwenye moto akapiga honi. Ulikuwa umesalia mwendo mrefu kupanda Fizi, na mvua ilikuwa inajikusanya juu ya milima. Binti akaniambia nitoke nimlipe aende, yeye atalala hapa. Nikatoka. Niliporudi alikuwa amejinyoosha mkekani kwa ubavu, na tumbo lake amelielekeza kwa mama yake, kichwa kwenye goti lile la kushoto, bado anataja. Alikuwa amemaliza majina ya kanisani, ameanza ya misiba na ya furaha, yale ambayo watu wetu huwapa watoto kufuatana na siku walizozaliwa.

"Mateso?"

Kichwa kikatikisika, polepole.

"Matumaini?"

Hapana.

"Haiko kitu," alisema binti. "Kuko mengine mingi."